MGENI WA MIAKA KUMI ATAPEWA JEMBE LINI?



Wazee walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakusema mgeni afukuzwe. Walisema apewe jembe, alime pamoja na wenyeji. Neno hili twalikumbuka kila tusikiapo habari za maeneo huru ya biashara, maana huko mgeni hakuwekewa siku mbili. Amewekewa miaka kumi.

Jambo hili huleta ubishi mwingi katika mikutano ya matawi. Wako wasemao ya kuwa maeneo hayo ni utumwa mtupu, yafungwe yote. Wako wengine wasemao ya kuwa kazi ni kazi, na mwenye njaa hachagui, basi tunyamaze tushukuru. Sisi twaona ya kuwa pande zote mbili hazijauliza swali lenyewe. Swali si kama mgeni aje au asije. Swali ni hili: siku atakapokwenda zake, ataacha nini nyuma? Jibu letu, na tutajaribu kulionyesha kwa hesabu, ni kwamba kwa jinsi maeneo haya yalivyo kwetu, kitu kikubwa kinachobaki Kenya ni mshahara wa mfanya kazi. Kwa hivyo yeyote anayeubana mshahara huo habani mfuko wa mshonaji peke yake. Aibana nchi nzima.

Pengine mwanachama atauliza: watu wa reli na cherehani, wapi na wapi? Jibu ni rahisi. Mali inayoingia na kutoka katika maeneo hayo hupita bandarini, na nyingine hupita juu ya reli. Reli mpya ya kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 2017, na mwaka 2019 ikafika Suswa, na upande huo wa Naivasha serikali imetenga ardhi kwa eneo maalum la viwanda. Mombasa nako, pale Dongo Kundu, zimetengwa ekari 3,000 hivi kwa shauri hilo hilo. Watakaoajiriwa huko ni binti zetu, wadogo zetu na wapangaji wenzetu. Shauri lao ni shauri letu.

ENEO HURU NI KITU GANI?

Majina yake ni mengi. Liko jina la bandari huru. Liko eneo la viwanda vya kuuza ng'ambo, ambalo wengi hulijua kwa herufi EPZ. Siku hizi liko pia eneo maalum la uchumi, yaani SEZ. Mzizi ni mmoja: ni mahali palipozungushiwa ua, na ndani ya ua huo sheria za ushuru na kodi zimelegezwa ili matajiri wapende kuja kujenga viwanda.

Tutoe mfano wa mzigo. Kontena la kitambaa hushushwa Kilindini. Kama ni la duka la Nairobi, mwenyewe hulipa ushuru wa forodha na VAT ndipo auchukue mzigo wake. Lakini likiwa la kiwanda kilicho ndani ya ua wa Athi River, hupita na lakiri ya forodha bila kulipa. Likiingia getini, kwa hesabu ya forodha ni kana kwamba bado liko ng'ambo. Kitambaa hukatwa, hushonwa, hupigwa pasi, hutiwa tena ndani ya kontena na kurudi Kilindini kupakiwa melini. Kwa macho yetu kilifika Athi River. Kwa vitabu vya ushuru, hakikufika Kenya.

Sheria ya EPZ ilitungwa Kenya mwaka 1990, na eneo kubwa la serikali likajengwa Athi River. Kampuni iliyopewa leseni ya kutengeneza vitu vya kuuza ng'ambo haitozwi kodi ya mapato kwa miaka kumi ya kwanza. Kwa miaka kumi inayofuata hutozwa 25 kwa mia, hali kampuni ya kawaida iliyo nje ya ua hutozwa 30 kwa mia. Tena haitozwi ushuru wala VAT juu ya mashine na vifaa vya kazi yake. Mwaka 2015 ikaja sheria ya SEZ, ambayo kodi yake ni 10 kwa mia kwa miaka kumi, na 15 kwa mia kwa miaka kumi mingine.

Mambo haya hayakuanza jana. Unguja ilitangazwa kuwa bandari huru mwaka 1892, ili meli na wafanya biashara wapende kutia nanga pale. Lakini ile ilikuwa biashara ya mali kupita tu. Maeneo ya viwanda, kama haya tunayoyajua sisi, mfano wake ulitoka Shannon katika nchi ya Ireland. Ndege zilizokuwa zikienda Marekani zilikuwa zikitua Shannon kutia mafuta. Zilipokuja ndege za jeti, zenye kuruka mbali bila kutua, watu wa pale wakaona kazi yao yaisha. Sisi wa reli twalifahamu jambo hilo vizuri, maana injini za mvuke zilipotoka, stesheni zilizokuwa zikiishi kwa kujaza maji zilipoa. Mwaka 1959 watu wa Shannon wakazungushia ua ardhi iliyo kando ya uwanja wa ndege, wakaita viwanda. Tangu hapo mfano huo ukaenea duniani: Kaohsiung katika Taiwan mwaka 1966, Masan katika Korea Kusini na kisiwa cha Mauritius mwaka 1970, Shenzhen katika China mwaka 1980, Jebel Ali katika Dubai mwaka 1985.

WALIOFAULU WALIFAULU KWA NINI?

Haifai kusema uongo ili hoja yetu ipate nguvu. Wako waliofaidika na maeneo haya, tena sana.

Mauritius ilikuwa kisiwa cha miwa. Watu wake wengi hawakuwa na kazi, na kazi iliyokuwako ilikuwa ya sukari. Baada ya sheria ya mwaka 1970 viwanda vya nguo viliongezeka, na kufika mwaka 1990 watu karibu 90,000 walikuwa wakifanya kazi humo, katika nchi yenye watu milioni moja tu. Basi tuulize sababu. Sababu moja kubwa ni kwamba matajiri wa sukari wa kisiwa chenyewe walitia fedha zao ndani ya viwanda, bega kwa bega na wageni kutoka Hong Kong. Faida ilipopatikana, sehemu kubwa ilibaki kisiwani ikazaa kazi nyingine. Pale mgeni alipewa jembe, na mwenyeji naye alishika lake.

Korea Kusini nayo ilianza Masan kwa vifaa vya kutoka nje. Baada ya miaka, viwanda vya Wakorea wenyewe vilivyo nje ya ua vilianza kuuza vifaa kwa viwanda vilivyo ndani. Lakini tusisahau upande wa pili. Mwaka ule ule wa 1970 serikali yao ilitunga sheria ya kuwafunga mikono wafanya kazi wa kampuni za kigeni wasiweze kugoma. Mwaka 1987 wafanya kazi wa Korea Kusini waligoma nchi nzima, na baada ya hapo mishahara yao ikapanda sana. Mishahara ile haikutoka kwa huruma ya mtu.

Shenzhen ilikuwa mji mdogo mpakani na Hong Kong. Leo ni jiji la watu zaidi ya milioni 17. Wachina hawakuridhika na kushona tu. Walitaka kujua mashine yafanyaje kazi, kisha waitengeneze wenyewe. Lakini hapo pia pana kaburi ambalo mfanya kazi hapaswi kulipita bila kusimama. Mwezi wa Novemba 1993 kiwanda cha vitu vya kuchezea watoto kiliungua huko Shenzhen, na wafanya kazi 87 wakafa, wengi wao wasichana, kwa kuwa milango ilifungwa na madirisha yalitiwa vyuma. Kiwanda kile kilikuwa kikiuza ng'ambo na hesabu zake zilikuwa zikipendeza. Maendeleo yanayofunga mlango mtu akiwa ndani yatupasa kuyaogopa.

Kwa hivyo waliofaulu hawakufaulu kwa ua na msamaha wa kodi peke yake. Ua kila mtu aweza kujenga. Walifaulu kwa sababu kitu kilivuka ua na kubaki nchini: fedha, ujuzi, vifaa vya wenyeji, na mwishowe mishahara.

SASA TUFANYE HESABU YETU

Katika shule ya misheni tulifundishwa kujumlisha kabla ya kugawanya. Basi tuchukue suruali moja ya jinzi iliyoshonwa Athi River na kwenda kuuzwa Marekani, tujumlishe kilichobaki Kenya.

Kitambaa, kwa sehemu kubwa, kimetoka Asia. Sheria ya Marekani ya mwaka 2000 iitwayo AGOA iliruhusu nguo kutoka nchi kama yetu kuingia Marekani bila ushuru hata kama kitambaa chake kimefumwa kwingine. Mashine ya kushonea imetoka ng'ambo. Faida ni ya mwenye kampuni, na kwa miaka kumi ya kwanza serikali haichukui kodi juu yake. Tukisha kuyatoa hayo yote, kinachobaki ni umeme, maji, kodi ya jengo, ujira wa uchukuzi, na mshahara wa mshonaji.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Nchi hii hulima pamba, na ilikuwa na viwanda vya kusokota nyuzi na kufuma kitambaa. Kisumu palikuwa na KICOMI. Eldoret palikuwa na Rivatex. Miaka ya 1990 milango ya biashara ilipofunguliwa wazi, na mitumba na vitambaa vya nje vikamiminika, viwanda hivyo vilianguka, na mkulima wa pamba wa Nyanza, wa Magharibi na wa Pwani akakosa mnunuzi. Rivatex ilinunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, ikaanza kufufuliwa. Lakini tazameni jinsi miaka ilivyopatana: katika mwongo ule ule tulipofungua geti la Athi River, mageti ya Kisumu na Eldoret yalikuwa yakifungwa. Tulishika sindano, tukaiacha pamba.

Basi hapo ndipo hoja yetu ilipo, na twaomba kila mwanachama aisome mara mbili. Kama kitambaa ni cha nje, na mashine ni ya nje, na faida ni ya nje, na kodi ya faida imesamehewa, basi mshahara ndio mlango mkubwa ambao fedha ya eneo huru hupitia kuingia Kenya. Mshonaji akilipwa vizuri, mwenye nyumba wa Athi River hupata kodi yake, muuza mboga huuza, mtoto huenda shule, na sisi wa reli na wa matatu hupata abiria. Mshonaji akilipwa cha kumfikisha tarehe kumi tu, mlango huo umefungwa, na eneo lote limekuwa kama gari la abiria lipitalo stesheni bila kusimama. Wenyeji huona taa zake, lakini hakuna ashukaye.

Kwa hivyo tunapoambiwa ya kuwa mishahara iwe midogo ili wawekezaji waje, twaambiwa tutupe kitu chenyewe kilichotufanya tuwaite.

Tena tutazame nani amesamehewa na nani hakusamehewa. Mwenye kampuni amepewa miaka kumi. Mshonaji hakupewa hata mwezi mmoja. Mshahara wake wa kwanza, hata uwe mdogo namna gani, hukatwa 2.75 kwa mia kwa bima ya afya, na 1.5 kwa mia kwa nyumba za serikali, na akiba ya NSSF. Akitoka getini na kununua kipande cha sabuni, ndani ya bei imo VAT ya 16 kwa mia. Hatusemi makato hayo yote ni mabaya, maana hospitali na barabara hujengwa kwa fedha. Twasema tu ya kuwa barabara iendayo kwenye eneo huru, na polisi wanaolinda geti lake, hulipiwa pia na mtu ambaye jina lake halimo katika orodha ya waliosamehewa.

LAKINI WATAHAMA!

Hili ndilo neno la kututisha. Mkidai sana, watahama. Tusilidharau, maana lina ukweli ndani yake. Kiwanda cha nguo si reli. Cherehani hufungwa ndani ya kontena kwa siku chache na kupelekwa nchi nyingine. Wafanya kazi wa Kenya walikwisha kuonja uchungu huo. Tarehe 1 Januari 2005 yaliisha mapatano ya dunia yaliyokuwa yakiwekea nchi kama China kipimo cha nguo za kuuza katika nchi tajiri. Viwanda kadhaa vya kwetu vilifunga, na maelfu ya watu wakarudi nyumbani. Kadhalika muda wa AGOA ulikuwa umewekwa kwisha tarehe 30 Septemba 2025, na kwa miezi mingi watu walishona huku wakingojea neno la bunge lililo ng'ambo ya bahari, ambalo hawakulichagua.

Lakini angalieni sababu. Katika mambo hayo mawili, hatari haikuletwa na mshonaji aliyedai nyongeza. Ililetwa na sheria za biashara za wakubwa. Mtu aweza kukubali mshahara wa nusu, na bado sheria ikabadilika akaachwa.

Jirani zetu wa Ethiopia wametupa funzo. Eneo la viwanda la Hawassa lilifunguliwa mwaka 2016, likasifiwa sana. Ethiopia haikuwa na kima cha chini cha mshahara kwa kampuni za watu binafsi, na mwaka 2019 mshahara wa mwanzo wa mshonaji pale ulikuwa kama dola 26 kwa mwezi. Kama mshahara mdogo ndio kamba ya kumfunga tajiri asihame, basi Hawassa ingekuwa imefungwa kwa minyororo. Vita vilipotokea, mwezi wa Novemba 2021 kampuni kubwa ya Marekani iliyokuwa nguzo ya eneo lile ilifunga kiwanda chake, na tarehe 1 Januari 2022 Marekani ikaiondoa Ethiopia katika AGOA. Wasichana wale walitoa kila walichoombwa, na waliondokewa vile vile.

Kinachomshika mwenye kiwanda ni vitu visivyohamishika. Ni bandari isiyochelewesha meli, reli isiyosimama njiani, umeme usiokatika, na mikono iliyokwisha kujifunza kazi. Vitu hivyo vyatengenezwa na wafanya kazi. Kila siku tunapopitisha mzigo kwa wakati, sisi twatoa kivutio kikubwa kuliko msamaha wa kodi. Basi tusiombwe tuwe wepesi wa kazi na wepesi wa bei pia.

UA NI WA FORODHA, SI WA SHERIA

Kuna watu wanaodhani ya kuwa akipita geti la eneo huru mtu ameacha haki zake nje, kama mtu anavyoacha kitambulisho kwa bawabu. Si kweli. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, humpa kila mfanya kazi haki ya ujira wa haki, ya kuingia chama na ya kugoma. Haikusema isipokuwa Athi River. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 husema mwajiri atakikubali chama kilichoandikisha zaidi ya nusu ya wafanya kazi wanaoweza kuwa wanachama. Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo husema kibarua anayefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja asihesabiwe tena kuwa wa kutwa.

Lakini sheria iliyo kitabuni ni kama reli isiyo na garimoshi. Shida kubwa ya maeneo haya ni kandarasi fupi. Mtu huandikwa miezi michache, huisha, huandikwa tena upya. Chama kikianza kuhesabu nusu yake, nusu hiyo imebadilika sura. Mwenye kandarasi ya kuisha mwezi ujao huogopa kutia sahihi karatasi ya chama, nasi hatumlaumu. Mwezi wa Januari 2003, mara baada ya serikali mpya kuingia, maelfu ya wafanya kazi wa EPZ waliacha mashine na kumwagika barabarani. Hasira ya miaka ilitoka siku moja. Mahali ambapo chama kina meza ya kuzungumzia, hasira haingoji mpaka ipasue bomba.

Hata Shannon, mama wa maeneo haya, jambo hili lilitokea. Mwaka 1968 wafanya kazi wa kiwanda kimoja pale waligoma ili chama chao kikubaliwe. Shannon haikufa. Nasi wa reli tuna historia yetu. Mwezi wa Januari 1947 makuli wa bandari na wafanya kazi wa reli wa Mombasa waliongoza mgomo wa mji mzima, na baraza la Thacker likaundwa kusikiza shauri lao, mishahara ikaongezwa. Bandari haikukimbia Mombasa. Hapo ndipo tunapoona wajibu wetu. Sisi tulio katika kazi isiyoweza kukimbia ndio yatupasa kuwasaidia walio katika kazi iwezayo kukimbia. Hatusemi tusimamishe magari. Twasema tuwape majumba yetu ya mikutano, makarani wetu wanaojua sheria, na sauti yetu pale maeneo mapya yanapopangwa.

TUNAYOYATAKA

Sasa, kabla ya mageti ya Naivasha na Dongo Kundu kujaa watu, ndio wakati wa kusema. Ukuta ukikauka ni vigumu kuutoboa dirisha. Twapendekeza matawi yazungumze haya na kuyapeleka kwa viongozi wetu:

1. Hesabu iwe wazi. Kila kampuni iliyosamehewa kodi itangaze kila mwaka imeajiri watu wangapi, imewalipa kiasi gani, na imenunua nini kwa Wakenya. Anayesamehewa fedha ya watu wote awajibu watu wote.

2. Jembe liwekewe siku. Msamaha wa kodi upimwe kwa kazi za kudumu, mafunzo na ununuzi wa humu nchini. Atakayetimiza, apewe. Asiyetimiza, alipe kama wengine. Na sheria izuie mtu kufunga kampuni mwaka wa kumi na kuifungua tena kwa jina jingine katika jengo lile lile.

3. Kazi ya kudumu iwe na barua ya kudumu. Mtu aliyeshona miaka mitatu kwenye mashine ile ile si kibarua, hata kandarasi zake ziwe kumi.

4. Afisa wa kazi na katibu wa chama wapite getini. Kama ofisa wa forodha huingia kuhesabu majora ya kitambaa, kwa nini mkaguzi wa milango ya moto asubiri nje?

5. Ujuzi ubaki. Fundi wa mashine, mkataji na msimamizi wawe Wakenya baada ya muda uliowekwa, wakifundishwa na hao waliokuja na ujuzi.

6. Pamba irudi. Kiwanda cha ndani ya ua kikinunua nyuzi na kitambaa cha Kisumu au Eldoret, kipewe nafuu kubwa kuliko kile kinachoagiza kila kitu.

Na kwa kila mwanachama tuna ombi moja lisilongoja serikali. Jioni hii, ukifika nyumbani, muulize jirani yako anayefanya kazi katika maeneo hayo kama anayo barua ya kazi, na tarehe iliyoandikwa ndani yake ni ipi. Mwambie ya kuwa kuingia chama ni haki yake ndani ya ua kama nje. Kama hajui afisi ya chama cha washonaji iko wapi, mlete kwenye mkutano wa tawi letu, katibu amwonyeshe. Zaidi ya watu 60,000 wamekuwa wakifanya kazi katika EPZ za nchi hii, na wengi wao ni wanawake ambao hakuna mtu aliyewahi kuwauliza swali hilo.

Sisi hatumchukii mgeni. Nchi yetu inataka viwanda, na vijana wetu wanataka kazi. Lakini mgeni mwema hafurahi kula huku mwenyeji akimtazama mdomo. Aje, akaribishwe, siku zake zihesabiwe, na jembe liwe tayari mlangoni. Umoja ni nguvu.

Sisi wenzenu wa karakana ya reli